Jumatano saa nane mchana, mezani

Nazi za wali unaoliwa mjini mchana huanza kukunwa watu wengi wakiwa bado wamelala. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na mashine, mbuzi imebaki kwa wenye subira, lakini mengine yote hayajapata njia ya mkato. Tui zito lazima likamuliwe kwanza na kuwekwa kando. Lile jepesi la mkamuo wa pili ndilo linalochemshia mchele, na zito huja mwisho, wali ukiwa karibu kukauka. Samaki naye ametoka soko la Feri asubuhi hiyohiyo baada ya mnada. Ameparwa magamba, amechanjwa mbavuni, amepakwa kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, akaachwa viungo vimwingie. Makaa yamekolea. Tui la kumpaka, lenye bizari na pilipili, linakorogwa taratibu lisije likakatika. Hayo yote hutendeka kwenye majiko ya uani ya hoteli ndogo za katikati ya Dar es Salaam, tangu alfajiri hadi saa sita.

Ikifika saa saba mlaji anaingia, anaagiza kwa kuonyesha kidole, anakula huku mkono wa kushoto ukipandisha na kushusha picha kwenye simu, anapangusa mdomo, anatoka. Hata robo saa haijatimia.

Namwandikia mlaji huyo, na namwandikia kwa mapenzi. Mlo wa Jumapili una watetezi wengi, wa Idi na Krismasi hauhitaji kutetewa, na pilau la harusi lina kamati nzima ya kulisimamia. Chakula cha mchana cha siku ya kazi hakina mtu. Ndicho tunachokila mara nyingi kuliko vyote tukishakuwa watu wazima wenye ajira, na ndicho tunachokiharakisha kuliko vyote. Mimi nasema kikaliwe. Mtu avute kiti, anawe, aagize, asubiri, ale na mwenzake, azungumze, amalize na kikombe cha kitu cha moto, ndipo arudi kazini. Afanye hivyo Jumatano, siku ambayo haina sherehe yoyote.

Zamani jambo hili halikuhitaji kuandikiwa makala. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Katika mji wa ukubwa huo, karani wa Posta aliyekaa Ilala au Magomeni aliweza kurudi kwake mchana, na wa Upanga alikwenda kwa miguu. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa huu na watu 5,383,728. Karani wa leo anaamkia Chanika, Bunju, Kibamba au Mbagala ndani ndani, na safari ya asubuhi peke yake imeshamla saa mbili. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yamempunguzia mzigo yule anayekaa njia ya Kimara, lakini hayajamrudisha yeyote nyumbani kwa ajili ya mchana. Kwa hiyo meza ya nyumbani imelazimika kuhamia mjini.

Walioihamisha, kwa sehemu kubwa, ni wanawake. Katika miaka ya themanini, mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi, mama lishe waliongezeka kwenye milango ya viwanda, kwenye maeneo ya ujenzi na vichochoroni kati ya ofisi. Hawakupokewa kwa shangwe. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika misako ya watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi halali, wachuuzi wadogo walikamatwa na wengine wakarudishwa vijijini. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake Changing the Rules cha mwaka 1997, ameeleza jinsi wakazi wa Dar es Salaam walivyoshikilia shughuli zao ndogondogo hadi utaratibu wenyewe ukalegea na kubadilika. Mtu anayeketi leo kwenye benchi la mama lishe na sahani ya wali maharage ajue kwamba benchi lile lilipiganiwa. Si haki kulipita mbiombio.

Benchi hilo nalipenda, lakini leo nataka twende penye viti vyenye mgongo. Ukiiacha Sanamu ya Askari na kuvuka Samora kuelekea mitaa ya Zanaki, Jamhuri, Mosque, Libya, Chagga na Kisutu, unaingia sehemu ya mji ambayo imekuwa ikilisha watu mchana kwa vizazi kadhaa. Kuna hoteli za wali nazi na samaki, kuna za biriani na kuku wa kupaka, kuna za ugali na makange, na karibu na mahekalu ya Kihindu kuna za wasiogusa nyama kabisa, ambako dengu, mboga na mtindi huja katika vibakuli vingi na chapati huongezwa hadi useme basi. Soko la Kisutu, ambalo sasa ni jengo la ghorofa, liko hapohapo. Kitunguu kikipungua jikoni, kijana hutumwa na kurudi kabla mafuta hayajapoa.

Sehemu hii ya mji ilipangwa na wakoloni kwa rangi za watu. Wazungu walitengewa upande wa bahari na bustani, Wahindi wakawa na mitaa ya biashara, Waafrika wakasukumwa Kariakoo na Ilala, na kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja, uwatenge. Mistari hiyo ingali inaonekana kwenye ramani. Mahali ambapo siioni kabisa ni kwenye meza ya mchana. Viti huwa vichache kuliko watu, hivyo unakaa na yeyote. Nimekula bega kwa bega na wakili, mpiga chapa, muuza vitenge, mhudumu wa benki na dereva aliyekuwa akimsubiri bosi wake, na hakuna aliyeulizwa ametoka mtaa gani.

Hebu tuingie kwenye hoteli mojawapo. Nipo na mzee mmoja mstaafu wa bandari, mtu niliyejifunza kwake namna ya kula mchana. Tumefika saa nane kasoro, kwa makusudi. Wimbi la kwanza huingia saa sita na nusu, wale wanaowahi kabla ya swala ya Adhuhuri. La pili na kubwa ni la saa saba. Anayefika saa nane anapata kiti, anapata upepo wa feni, anapata na mhudumu mwenye nafasi ya kuzungumza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Leo kuna changu na kolekole. Nguru ameisha tangu saa saba."

"Kolekole kichwa kipo?"

"Kimoja. Nimekufichia."

Namwangalia mzee anavyopokea habari hiyo. Anaweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni, anakunja mikono ya shati mara mbili, anainuka kwenda kunawa. Sinki iko pembeni, na sabuni ya maji imetiwa katika chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto, ukiibinya inatoa michirizi mitatu myembamba. Ananawa kwa utulivu, hadi kwenye viwiko. Akirudi, juisi ya ukwaju imeshafika, na mimi nimeagiza changu wa kupaka.

Kinachofuata ni kusubiri, na hapo ndipo wengi wanapochukua simu. Mzee hachukui. Anaangalia barabarani, anauliza habari za watoto wangu mmoja baada ya mwingine kwa majina, ananiambia mwembe wa jirani yake Temeke umekatwa kupisha ukuta. Mambo madogo. Lakini mambo hayo madogo hayana saa nyingine ya kusemwa. Asubuhi hayasemeki, jioni kila mtu yuko kwenye foleni ya magari, na usiku watu wamechoka. Ukiiondoa saa ya mchana, mazungumzo ya aina hii hayahamii kwingine. Yanakufa.

Chakula kinakuja. Wali umepinduliwa kutoka kwenye bakuli, umesimama kama kichuguu, unatoa mvuke wenye harufu ya nazi na iliki. Mchicha wa nazi uko kwenye kisahani chake. Kuna kachumbari ya vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, kipande cha ndimu, pilipili mbuzi moja nzima kwa anayeweza, na ndizi mbivu ya kuteremshia. Changu wangu amelala sahani nzima, mkia umeungua kidogo, na tui limemganda mgongoni rangi ya manjano iliyoiva. Kichwa cha kolekole kimekuja katika bakuli la mchuzi, kinamkodolea mzee jicho.

"Bismillahi," anasema, na anaanza shavuni.

Nyama ya shavu la samaki ni kipande kidogo, laini, hakina mwiba. Mzee anakitoa kizima kwa ncha za vidole vitatu, anakizungusha kwenye wali, anakipeleka mdomoni. Kisha anahamia nyuma ya jicho. Kisha utosini. Kisha anafungua taya na kufuata kila kifupa kwa mpangilio anaoujua yeye, akipanga mifupa kwenye ukingo wa sahani. Hakuna namna ya kuharakisha kazi hiyo. Samaki mwenye miiba hukulazimisha kutulia, na wali wa moto ukiliwa kwa mkono unakutaka uupoze kidogo kwa vidole kabla ya kutia tonge. Vyakula vya pwani vina breki ndani yake. Anayevila kwa haraka anakosa utamu wake, na akikosa bahati anakwamwa na mwiba.

Katikati ya kichwa, kijana mwenye fulana ya kazi na mkanda wa zana kiunoni anasimama karibu na meza yetu.

"Samahani wazee, hapa pana mtu?"

"Karibu, mwanangu, kaa. Karibu chakula."

"Asanteni, starehe. Nimeshaagiza."

Ni fundi wa lifti. Anahudumia majengo kadhaa ya Samora na Mtaa wa Ohio, na baada ya dakika chache anatueleza kwamba saa saba ndiyo saa mbaya kwake, kwa sababu ghorofa zote hushuka pamoja na lifti hulemewa. Yeye hula zikishatulia. Mzee anamuuliza kuhusu kamba za chuma, zinapimwaje, hubadilishwa lini, maana winchi za bandarini alizizoea. Kutoka kwenye kamba tunafika kwenye shaba. Mzee alikuwa kijana bandarini wakati shaba ya Zambia ilipoelekezwa huku, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya kusini kuwa ya mashaka. Iliingia kwa malori, na baadaye kwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976. Anaeleza uzito wa mabamba, jinsi yalivyofungwa, namna mikono ilivyonuka chuma hata baada ya kuoga. Fundi wa lifti ameacha kijiko sahanini. Amezaliwa mjini hapa na bandari anaipita kila siku, lakini habari hizi anazisikia kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mtu aliyeyabeba mabamba yale, juu ya bakuli la mchuzi.

Hakuna aliyemwita fundi kuja kusikiliza. Alitafuta kiti.

Bili inapokuja kuna ugomvi wa kawaida. Namba ya kulipia kwa simu imebandikwa ukutani juu ya kaunta, nami nimeshaanza kuiingiza. Mzee ananishika mkono. "Weka hela yako, mwanangu. Leo zamu yangu." Nakataa, anakataa kukataa kwangu, dada wa kaunta anasubiri huku akitabasamu. Tunafikia mwafaka: yeye atalipa chakula, mimi kahawa. Kahawa inapatikana nje, kwa muuzaji wa birika la shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata. Tunainywa tumesimama kwenye kivuli. Kutoka kuvuta kiti hadi tone la mwisho la kahawa, saa moja haijapita.

Saa moja hiyo ina mwenyewe, na watu wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati wa mapumziko pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Kifungu kinaendelea na jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo muhimu zaidi: mwajiri halazimiki kulipia mapumziko hayo, isipokuwa akimtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo tayari kwa kazi. Maana yake saa hiyo kwa kawaida hailipwi, na kwa kuwa hailipwi, mwajiri hajainunua. Ni yako kabisa. Anayeijaza kwa kikao cha "saa saba kamili, tutakula hukuhuku" anachukua kitu ambacho hakukilipia.

Nina ugomvi wa kweli na vikao hivyo. Najua vinavyokuwa: maboksi ya chakula yamepangwa mezani, mtu mmoja anaeleza takwimu ukutani, wengine wanatafuna kimyakimya wasisikike. Hakuna anayekula vizuri na hakuna anayesikiliza vizuri. Mbaya zaidi ni desturi ya kufungasha na kula juu ya meza ya kazi, karibu na kibodi ya kompyuta. Wali uliofungwa wa moto hutoa jasho ndani ya boksi na kushikana. Ngozi ya samaki, iliyokaushwa kwa makaa nusu saa nzima, hulegea njiani kabla bodaboda hajafika taa ya pili. Chipsi ndiyo usiseme. Mpishi aliyeamka alfajiri amefanya kazi yake yote sawasawa, na dakika ishirini za boksi zimeifuta. Ukila pale kilipopikwa unakipata kama alivyokusudia.

Kuna hoja ya kwamba kazi ni nyingi na muda hautoshi. Naiheshimu, kwa sababu wanaoitoa wanafanya kazi kweli. Lakini mwili wa binadamu una saa zake, na mojawapo ya vipindi ambavyo umakini hushuka ni mapema mchana, hata kwa mtu ambaye hajala. Anayebaki mezani saa nane akijilazimisha kusoma mkataba anausoma mara tatu na mara zote tatu haelewi. Saa ileile angeweza kuwa kwenye kiti cha hoteli, halafu akarudi na kuusoma mara moja. Na kwa mtumishi wa umma anayeanza saa moja na nusu asubuhi na kumaliza saa tisa na nusu, mapumziko ya mchana ndiyo pumzi pekee katikati ya siku.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na siwezi kuipita. Samaki wa kupaka kwenye hoteli yenye feni si chakula cha kila siku kwa mshahara wa kawaida. Sijasema kiwe cha kila siku. Nimesema Jumatano, na inaweza kuwa Jumatano moja kwa mwezi. Siku nyingine kuna mama lishe, na utulivu hauuzwi kwa bei ya sahani. Wapo mafundi ujenzi ambao hukaa kwenye benchi lake saa nzima na sahani ya elfu mbili au tatu, wakibishana kuhusu Simba na Yanga kwa namna ambayo mkurugenzi mwenye chakula cha hoteli kubwa hajapata kuionja. Wanajua wakikaa wamekaa.

Wapo wasioweza hata hilo. Muuza duka wa Kariakoo hula nyuma ya kaunta, tonge moja kati ya mteja na mteja, kwa sababu akifunga mlango jirani atauza. Bodaboda hula amekalia pikipiki. Mlinzi hula getini. Zanzibar, kinyume chake, baadhi ya maduka ya Mji Mkongwe bado hufungwa baada ya saa saba na kufunguliwa alasiri, mwenye duka akienda kwake kula na kujilaza kidogo. Muscat, ambako Wazanzibari wengi wana ndugu, mji huwa mtulivu hivyohivyo saa za joto, na shughuli hurudi kuanzia saa kumi. Dar es Salaam imeiga haraka ya miji mingine na kuiacha desturi hii ya pwani yenyewe. Sioni Kariakoo ikikubali kufunga milango mchana, lakini maduka mawili yanayotazamana yanaweza kupokezana: huyu ale, yule amwangalizie. Wapo wanaofanya hivyo tayari, nami nawaona kuwa wafanyabiashara wenye akili kuliko wote mtaani.

Ijumaa ni habari nyingine kabisa. Ijumaa ni biriani, na mji mzima unajua. Nyama imelala katika mtindi na viungo tangu usiku, vitunguu vimekaangwa hadi vikawa kahawia na kuvurugwa ndani ya rojo, wali umepikwa peke yake ukachanganywa na rangi ya zafarani, sufuria likapaliwa makaa juu na chini. Waumini hutoka msikitini wakiwa na kanzu zilizopigwa pasi na njaa ya haki, na hoteli za Kisutu hujaa kwa dakika tano. Siku hiyo sikushauri ukatafute utulivu. Nenda ukafurahie msongamano wenyewe, sauti za sahani, watu wanaosalimiana kwa kuvuka meza tatu. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi kati ya hizi hufunga mchana au huteremsha pazia mlangoni, na anayekula hula kwa staha.

Ukiuliza wengi kwa nini hawakai, watakwambia wanaona haya kukaa peke yao. Hili nimelisikia hasa kwa wanawake, na lina uzito wake, maana mwanamke aliyeketi peke yake mezani mchana hutazamwa, na kuna wanaume wanaodhani kiti kilicho mbele yake ni mwaliko. Dawa ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni kuwa mteja wa hoteli moja, ukajulikana kwa jina. Mhudumu anayekujua anakuwekea meza karibu na kaunta na kumwondoa msumbufu kabla hujainua uso. Ya pili ni kwenda na mtu mliyepishana naye kwa umri au kazi, kama mimi na mzee wangu, kwa sababu wenzako wa ofisini watakurudisha kwenye mambo ya ofisini kabla mchicha haujafika.

Na hao wahudumu wenyewe hula saa ngapi? Nilimuuliza yule dada wa kichwa cha kolekole wakati tukilipa. "Sisi saa tisa, kaka, watu wakishatoka." Tangu asubuhi amesimama, ametembea kati ya jiko na meza siku nzima na sahani nne mikononi, na chakula amekinusa bila kukigusa. Kifungu cha 23 kinamhusu yeye kama kinavyonihusu mimi, na yule anayesugua masufuria uani pia. Katika hoteli ile mwenye mali huwaacha wakae mezani, mlango mmoja ukifungwa, na huwawekea samaki wao kando mapema ili wasiishie mchuzi mtupu. Si kila mahali wanapofanyiwa hivyo. Sehemu nyingine hula wamesimama kwenye ngazi ya jikoni, sahani kiganjani, wakiitwa kila baada ya tonge mbili.

Kwa hiyo ukienda, nenda saa nane. Muulize mhudumu jina lake na kilichobaki jikoni, agiza chenye miiba, na umwachie kitu kidogo juu ya bili, mkononi mwake, maana kinachoachwa kaunta huwa hakimfikii. Kaa saa yako yote bila kuangalia nyuma. Ila ikikaribia saa tisa na mazungumzo yakiwa bado matamu, yahamishieni kwenye kahawa ya nje, ili dada naye apate meza na changu wake akiwa bado wa moto.